Habari za Alfred Shrubb, Mkimbiaji wa Sussex

Mazungumzo yetu ya safari hii ni habari za mkimbiaji mmoja Mwingereza, jina lake Alfred Shrubb. Alikuwa kibarua wa kijijini. Alipofika umri wa miaka 24, alikuwa amekwisha kuwa mkuu wa wakimbiaji wa mbio ndefu katika nchi yake. Alipofika miaka 25 alifungiwa mlango wa mashindano, wala hakufunguliwa tena mpaka alipokuwa mzee wa miaka 73.

Kosa lake halikuwa wizi, wala hakumdhuru mtu. Alishtakiwa ya kwamba amepokea fedha kwa ajili ya mbio zake. Basi tuiangalie habari hii kwa utulivu, kwa maana ndani yake mna swali limhusulo kila mtu aliyejaliwa kipawa naye hakujaliwa mali: je, kipawa hicho ni halali kimlishe mwenyewe, au si halali?

Shrubb alizaliwa tarehe 12 Desemba, 1879, katika kijiji cha Slinfold, jimbo la Sussex, kusini ya Uingereza. Mji ulio karibu nacho ni Horsham. Kijana huyu hakuwa mrefu wala mnene, na mtu aliyemwona amesimama asingedhani kwamba ana nguvu ya ajabu. Lakini kifua chake na miguu yake vilikuwa kama vya paa, havikujua kuchoka.

Husimuliwa kwamba kipawa chake kilijulikana kwa sababu ya moto. Mwaka 1898 gari la zimamoto, ambalo siku zile lilikokotwa na farasi, lilipita mbio likienda mahali palipokuwa pakiungua, mwendo wa maili kadhaa. Watu wakalifuata, kama ilivyo desturi ya watu kila mahali wakiona moto. Mmoja wao alikuwa nahodha wa chama cha wakimbiaji wa Horsham. Akakaza mwendo, na tazama, kibarua mmoja mwenye nguo za kazi na viatu vizito yu sambamba naye, wala haachwi nyuma. Nahodha alikuwa mtu wa mazoezi. Yule mwingine hakuwa amefundishwa na mtu. Nahodha akatambua ameona nini, akamwalika kijana ajiunge na chama.

Hivyo ndivyo Shrubb alivyoanza. Tena alianza kwa bidii, wala hakutegemea kipawa peke yake. Alifanya mazoezi asubuhi na alasiri: pengine maili chache kwa mwendo wa wastani, pengine maili nyingi kwa mwendo wa kasi. Alipima mwendo wake kwa saa, akaandika hesabu yake siku kwa siku, apate kujua kama anaendelea mbele au anarudi nyuma. Mwaka 1908 alitoa kitabu kizima cha kuwafundisha wengine mambo haya.

Katika mashindano alikuwa na hila moja halali iliyowashinda wengi. Wakimbiaji wa siku zile walipenda kufuatana kwa mwendo mmoja mpaka karibu na mwisho. Shrubb hakufanya hivyo. Katikati ya mbio, wala bila dalili yo yote, alichomoka kama mshale kwa hatua mia moja au mia mbili, kisha akapunguza, halafu akachomoka tena. Mwenye kumfuata ilimlazimu achague: ama amwache aende zake, ama ajikaze kumfikia na pumzi imwishie. Wengi walichagua kumfikia, na pumzi zikawaishia.

Basi kuanzia mwaka 1901 hapakuwa na mtu wa kumzuia. Miaka 4 mfululizo, 1901 mpaka 1904, alikuwa bingwa wa Uingereza wa maili 4 na wa maili 10. Miaka 4 hiyo hiyo alikuwa bingwa wa mbio za nyika pia, yaani mbio za kupita mashambani, penye matope, mitaro na vilima. Mwaka 1903 na 1904 akaongeza na ubingwa wa maili 1, ambayo ni mbio ya watu wepesi, si ya watu wa mbali. Tena mwaka 1903, katika mji wa Hamilton huko Uskoti, yalifanyika kwa mara ya kwanza mashindano ya mbio za nyika baina ya mataifa. Mataifa yaliyoshindana yalikuwa manne: Uingereza, Uskoti, Ireland na Wales. Shrubb alishika nafasi ya kwanza, na mwaka uliofuata akaishika tena.

Siku yake kubwa kupita zote ilikuwa tarehe 5 Novemba, 1904, katika uwanja wa Ibrox, mji wa Glasgow. Siku hiyo alikimbia saa moja nzima bila kusimama. Alipofika maili ya 10, saa ilionyesha dakika 50 na nukta 40 na sehemu 6 za kumi; maana ya nukta ni sehemu moja katika sitini za dakika. Saa moja ilipotimia alikuwa amekwenda maili 11 na yadi 1137, yaani karibu mita 18,742. Kwa mbio hiyo moja alivunja rekodi za wakimbiaji wasiolipwa za kila mwendo tangu maili 6 mpaka maili 11, na ile ya saa moja pia. Tena tangu maili 8 mpaka maili 11 aliwapita hata watu waliokimbia kwa ujira, ambao mbio ilikuwa ndiyo kazi yao.

Hesabu hizi ni maneno matupu kwa mtu asiyezipima, kwa hiyo ninyi wanafunzi nawapa njia ya kuzipima. Pimeni katika uwanja wa shule mzunguko wa mita 400. Mwenzenu mmoja ashike saa, na mwingine akimbie mzunguko mmoja kwa nukta 76. Kijana mwenye afya aweza kufanya hivyo, na atarudi akihema. Sasa mwambieni arudie mwendo ule ule mara 40, asipumzike hata mara moja. Hapo ndipo mtakapofahamu Shrubb alifanya nini pale Glasgow.

Rekodi ya saa moja ya wasiolipwa aliyoivunja ilikuwa imekaa miaka 20. Iliwekwa mwaka 1884 na Mwingereza mwenzake, Walter George, aliyekwenda maili 11 na yadi 932. Basi Shrubb alimpita kwa yadi 205. Na ile rekodi yake ya maili 10 haikuvunjwa mpaka mwaka 1928, alipoivunja Paavo Nurmi wa Finland, mtu ambaye dunia nzima ilimjua.

Baada ya hayo ingefaa niwaambie jinsi Shrubb alivyopata nishani ya Olimpiki. Hakupata, wala hakupata hata nafasi ya kuitafuta. Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1904 ilifanyika mbali, katika mji wa St. Louis, Marekani, na chama kikuu cha riadha cha Uingereza hakikupeleka kikosi. Michezo iliyofuata huko London, mwaka 1908, ilikuwa katika nchi yake mwenyewe, lakini wakati huo Shrubb alikuwa amekwisha kufungiwa mlango. Ili tufahamu sababu, yatupasa turudi nyuma kidogo tutazame sheria yenyewe.

Katika karne ya 19 Waingereza waliwagawa wakimbiaji mafungu mawili. Fungu la kwanza ni watu wa hiari, waliokimbia kwa kujifurahisha na kwa heshima tu. Fungu la pili ni watu wa ujira, waliokimbia kwa fedha. Mashindano ya watu wa ujira yaliambatana na kamari. Watazamaji waliweka fedha juu ya huyu au yule, na palipo na kamari hapakosi hila. Wako waliohongwa ili washindwe makusudi, na wako waliojifanya wavivu leo wapate kuwadanganya watu kesho. Kwa hiyo wale waliotaka kuitenga michezo na fedha hawakuwa wapumbavu. Walikuwa wameona uchafu, wakataka kuusafisha.

Lakini usafi huo ulichanganyika na jambo jingine. Chama cha watu wa hiari kilichoanzishwa London mwaka 1866 hakikuwakataa watu wa ujira peke yao. Kiliwakataa pia mafundi na vibarua, hata kama hawakupata kupokea senti moja kwa mbio. Yaani mtu wa jembe na nyundo hakuhesabiwa kuwa mwungwana, wala hakuruhusiwa kusimama mstari mmoja na mwungwana. Mwaka 1880 chama kikuu kipya cha riadha kilipoanzishwa katika mji wa Oxford, sharti hilo la kuwakataa mafundi na vibarua liliondolewa. Ndiyo sababu Shrubb aliweza kuingia. Ila sharti la fedha lilibaki, na hilo lilikuwa kali. Mshindi aliweza kupewa kikombe cha fedha au saa ya mezani, asiweze kupewa fedha yenyewe.

Sasa tufikiri. Mtoto wa tajiri akikimbia siku nzima hapungukiwi na kitu, kwa maana chakula chake kinamngoja nyumbani. Kibarua akikimbia siku nzima, siku hiyo amepoteza ujira wake. Sheria ni moja kwa wote wawili, lakini uzito wake si mmoja. Mzigo uleule alioubeba mmoja kama kofia, mwenzake aliubeba kama gunia la mahindi.

Walter George niliyemtaja, ambaye alikuwa akijifunza kazi ya dawa, alikwisha kuuonja mzigo huo kabla ya Shrubb. Mwaka 1885 aliacha mwenyewe fungu la hiari, apate kushindana na bingwa wa ujira, Mskoti William Cummings. Mwaka 1886 akamshinda katika mbio ya maili moja, kwa dakika 4 na nukta 12 na robo tatu. Aliingia mlango huo kwa hiari yake, akijua ya kuwa nyuma yake utafungwa.

Shrubb hakuingia kwa hiari. Mkimbiaji mwenye sifa kama yeye aliitwa kila mahali, kwa sababu watu walilipa kiingilio wapate kumwona. Wenye kuandaa mashindano walipata faida, na wakimbiaji waliruhusiwa kurudishiwa nauli na gharama tu. Mwaka 1905 Shrubb alisafiri mpaka Australia na New Zealand, akakimbia huko. Mwaka huo huo wakubwa wa riadha wakaamua kwamba amepokea fedha kinyume cha sheria, wakamfukuza katika mashindano ya hiari maisha yake yote.

Sisemi kwamba hukumu ile haikuwa na sheria nyuma yake. Sheria ilikuwapo, naye aliijua. Lakini angalieni: kiingilio kililipwa na watazamaji waliokuja kumtazama yeye; fedha ikaingia katika mifuko ya watu wengine, na hapana aliyeiona kuwa najisi mpaka ilipomgusa mtu aliyeitolea jasho.

Shrubb hakukaa kulia. Akawa mkimbiaji wa ujira waziwazi, akavuka bahari kwenda Marekani na Kanada. Huko alikimbia na kila aliyethubutu. Pengine alikimbia peke yake juu ya watu kadhaa waliopokezana, na mara nyingine alishindana hata na farasi. Watu wengine waliona ni mchezo wa kuchekesha, lakini kwake ulikuwa ndio ujira wake.

Mpinzani wake mkubwa huko alikuwa Tom Longboat, kijana wa kabila la Waonondaga, mmojawapo wa makabila ya wenyeji wa asili wa Kanada. Longboat alikuwa ameshinda mbio ya marathoni ya Boston mwaka 1907. Wakati huo watu wa Amerika walikuwa na wazimu wa marathoni, tangu waliposikia habari za Mtaliano Dorando Pietri, aliyeanguka mara kwa mara karibu na mwisho wa mbio ya Olimpiki ya London mwaka 1908, akasaidiwa kufika, kisha akanyimwa ushindi kwa sababu ya kusaidiwa.

Tarehe 5 Februari, 1909, Shrubb na Longboat walikutana New York, ndani ya jumba kubwa la Madison Square Garden, wakimbie marathoni nzima, yaani maili 26 na yadi 385, kwa kuzunguka njia fupi iliyo ndani ya jumba. Shrubb alianza kwa kasi yake ya siku zote. Akamwacha Longboat mzunguko mmoja, kisha wa pili, kisha mingine mingi. Watazamaji wakaona mbio imekwisha. Longboat hakubadili mwendo. Baadaye sana miguu ya Shrubb ikaanza kuwa mizito. Akatembea kidogo, akakimbia, akatembea tena, na Longboat akazidi kupunguza ile mizunguko mmoja mmoja. Baada ya maili 24 Shrubb hakuweza kuendelea. Aliyekuwa mbele karibu mbio nzima alitoka nje, na aliyekuwa nyuma akamaliza.

Watu hao wawili walishindana mara 10. Kila walipokimbia maili 20 au zaidi, Longboat alishinda. Kila walipokimbia pungufu ya hapo, Shrubb alishinda. Basi hata bingwa ana mpaka wake. Na mtu mmoja kushindwa na mwingine leo si kusema kwamba kesho, katika kazi nyingine, hatamshinda.

Nguvu za miguu huja zikaondoka, lakini maarifa hubaki. Shrubb aliwafundisha mbio wanafunzi wa chuo kikuu cha Harvard huko Marekani, na baada ya Vita Kuu ya kwanza akawafundisha wale wa Oxford. Kibarua wa Slinfold, ambaye katika mwaka 1866 hata kusimama mstari mmoja na mabwana wa namna ile asingeruhusiwa, sasa alikuwa mwalimu wao. Mwaka 1928 alihamia Kanada, akakaa katika mji mdogo wa Bowmanville, jimbo la Ontario.

Mwaka 1953 chama cha riadha cha Uingereza kilimrudishia hadhi yake ya mkimbiaji wa hiari. Wahenga husema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Shrubb alikuwa amekwenda tezi na omo, na sasa alirejezwa. Lakini alirejezwa akiwa na miaka 73, umri ambao mtu hufurahia kiti kuliko uwanja. Alifariki mwaka 1964 huko Bowmanville, akiwa na miaka 84.

Mtu aweza kusema kwamba hayo ni mambo ya Waingereza na ya zamani, hayatuhusu. Yatuhusu sana, kwa sababu sheria ile ilienea duniani kote, ikatufikia na sisi. Mkenya Kipchoge Keino, aliyejipatia dhahabu za Olimpiki mwaka 1968 na 1972, alijiunga mwaka 1973 na wakimbiaji wa ujira huko Marekani. Ben Jipcho naye, baada ya kushinda mbio mbili katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Christchurch mwanzoni mwa mwaka 1974, alifuata njia hiyo hiyo. Wote wawili waliuacha nyuma mlango wa Olimpiki, kama Shrubb. Sheria ilianza kulegezwa katika miaka ya 1980, na mwaka 2001 shirika la riadha la dunia likaliondoa neno la watu wa hiari katika jina lake. Leo mkimbiaji wa Iten au wa Arusha akishinda mbio kubwa, hupewa fedha mbele ya watu wote, akajenga nyumba, akasomesha wadogo zake, wala hapana amwitaye mkosaji.

Je, wale waliotunga sheria ya zamani walikosea katika kila neno? La. Waliogopa kwamba fedha italeta udanganyifu katika michezo, na udanganyifu haujakwisha mpaka leo. Wako watumiao madawa ya kuongeza nguvu ili wapate zawadi. Hofu yao ilikuwa ya kweli. Walichokosea ni dawa. Badala ya kumwadhibu mdanganyifu, walimwadhibu mwenye njaa, na Shrubb hakufukuzwa kwa kuuza mbio. Saa ya pale Glasgow haikuuliza kama aliyeshinda ni mwungwana au kibarua, wala kama mfukoni mwake mna shilingi au hamna. Ilihesabu dakika na nukta tu.

Ninyi wazee mlio na watoto wenye kipawa, cha mbio au cha useremala, cha kuimba au cha hesabu, msiwafundishe kwamba kipawa ni mchezo usiofaa kuleta chakula nyumbani. Wafundisheni bidii, na kuandika hesabu ya kazi yao siku kwa siku, na kutouza heshima yao kwa mwenye kuhonga. Na ninyi mtakaopewa siku moja kazi ya kutunga sheria za vyama, za ushirika au za kijiji, kabla ya kutia sahihi jiulizeni: sheria hii, je, itamlemea nani?